Rafiki wa Mgonjwa wa Moyo

Mshtuko wa moyo ukimpata mtu Chunyu, upande wa Nachingwea na Ruangwa, anayefika kwanza ni rafiki au jirani, si daktari. Kifua hubana, maumivu hupanda shingoni na tayani au kushuka mkononi, jasho jembamba likatoka. Wengi hudhani ni kiungulia. Mwenye kisukari huenda asisikie maumivu makali kabisa, na hapo ndipo wengi hupotezea muda.

Misuli ya moyo huanza kufa damu isipoifikia, kwa hiyo rafiki humketisha mgonjwa, huangalia saa dalili zilipoanza, hukusanya dawa na kadi yake ya kliniki, kisha hutafuta usafiri. Bodaboda ya mshikaki, mgonjwa kabanwa katikati, ni hatari: akizimia njiani hakuna wa kumhudumia. Gari likipatikana, hata la kubebea korosho, ni afadhali.

Hospitalini hupimwa umeme wa moyo na damu. Wanaohitaji kuzibuliwa mishipa hupewa rufaa, mara nyingi kwenda Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, iliyoanzishwa mwaka 2015.

Kazi ndefu huja baada ya kuruhusiwa. Mgonjwa akipata nafuu huacha vidonge, au huona haya kukataa chumvi na sigara mbele ya wenzake. Rafiki anayeacha kuvuta pamoja naye humsaidia kuliko anayemhubiria. Hofu ya usiku nayo huhitaji msikilizaji, na ikizidi, mhudumu wa afya aelezwe.