Kumpigia Mwimbaji Kinanda: Kazi, Mafunzo na Malipo

Mada kwa walimu wa kwaya na wapiga kinanda, Sola, mkoani Simiyu



Kumpigia mwimbaji ni kazi yenye elimu yake. Kwaya zetu humwona kijana mwenye vidole vyepesi, zikamkalisha kwenye kinanda Jumapili, zikaona zimepata mpigaji. Kijana huyo amejua nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kumsikiliza anayeimba.

Mtu aliyeipa kazi hii heshima duniani ni Gerald Moore, Mwingereza aliyezaliwa Watford mwaka 1899. Enzi zake jina la mpiga piano liliandikwa kwa herufi ndogo chini ya jina la mwimbaji, na wengi walimhesabu kuwa mtu aliyeshindwa kupiga peke yake. Mwaka 1943 Moore alitoa kitabu cha kuitetea kazi hiyo bila kuona haya. Aliyemfunda, kwa maneno yake mwenyewe, alikuwa mwimbaji wa tenori, John Coates. Naomba tulizingatie hilo: mpigaji mkubwa alifundwa na mwimbaji. Alipoagwa London Februari 1967, walioimba naye walikuwa Dietrich Fischer-Dieskau, Elisabeth Schwarzkopf na Victoria de los Ángeles, waimbaji wa daraja la juu kabisa wa wakati wao.

Sasa tuje kwetu. Jambo la kwanza, mpiga kinanda asome maneno ya wimbo kabla ya kugusa noti. Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, lakini tenzi nyingi tulizopokea zilitungiwa Kijerumani au Kiingereza, hivyo pigo zito la muziki mara nyingi huangukia silabi isiyostahili. Mwimbaji hawezi kuurekebisha wimbo peke yake huku kinanda kinagonga kila pigo kwa nguvu ileile. Mpigaji anayeyajua maneno hupunguza mkono pale, akaongeza pale panapostahili. Anajua pia sentensi inaishia wapi, kwa hiyo anajua waimbaji watavuta pumzi wapi, naye anawapa nafasi. Kwaya nyingi zinazolaumiwa kwamba zinachelewa hazichelewi, zimenyimwa pumzi.

Jambo la pili ni kitufe cha kubadili do. Vijana wetu wengi hupiga kila wimbo kwenye C, kisha wakabonyeza kitufe hicho ili sauti ipande au ishuke. Mambo huenda vizuri mpaka umeme ukatike. Waimbaji wakiwa imara huendelea bila ala. Umeme ukirudi, vinanda vingi huwaka vikiwa vimeshasahau mpangilio, na mpigaji anaingia kwa do nyingine kabisa katikati ya zaburi. Nimeyasikia haya makanisani, na inauma, kwa sababu waimbaji ndio wanaoonekana wamekosea. Dawa yake ni mazoezi: anza na G na F, halafu D na B bemoli, mkono mmoja mmoja, hadi vidole vizoee.

Jambo la tatu linatuhusu sisi wa Usukumani zaidi. Uimbaji wetu wa asili una kiongozi na waitikiaji, na nyimbo zake nyingi hutembea juu ya sauti tano. Mpigaji aliyezoea tenzi za Ulaya huujaza wimbo wa namna hiyo kodi nzito kila pigo, na kiongozi anamezwa. Pale Bujora, karibu na Mwanza, Padre David Clement aliiingiza ngoma ya Kisukuma katika ibada tangu miaka ya 1950. Anayempigia mwimbaji wa Kisukuma ajifunze kwa mpiga ngoma: kiongozi akianza, kinanda kipungue, waitikiaji wakipokea, kijae.

Mafunzo yapo. Chuo Kikuu cha Tumaini Makumira, Arusha, kinafundisha muziki. Ruhija, mkoani Kagera, imewafunza wanamuziki wa kanisa kwa miaka mingi. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na chuo cha sanaa cha TaSUBa, Bagamoyo, navyo vinapokea wanafunzi. Kwa kijana wa Sola yote hayo ni mbali na ni ghali, kwa hiyo njia ya karibu ni kumweka chini ya mpigaji mzoefu, na ahudhurie mazoezi ya kila sauti peke yake, soprano hadi besi, si siku ya kuunganisha tu.

Hapo ndipo suala la malipo linapokuja. Tunamnunulia fundi umeme soda na kumlipa. Mpiga kinanda, anayekaa na kwaya jioni baada ya jioni na kupiga misa, ndoa na misiba, tunamwambia atalipwa mbinguni. Ndiyo maana wengi wanaishia kwenye bendi za mjini mara tu wanapoiva. Walioketi hapa kutoka kamati za fedha, nawaombeni: bajeti ijayo ya parokia au usharika iwe na fungu la mpiga kinanda, hata likiwa dogo, liandikwe kwa jina la kazi yake na lilipwe kila mwezi.