Sauti ya Nani Hiyo?

Ndugu msikilizaji, juma lililopita nilikuwa nyumbani Msasani, pale Tukuyu, na mvua ilinyesha asubuhi hadi jioni kama ilivyo desturi yake. Aliyewahi kukaa Rungwe anajua kwamba mvua ile huwafungia watu ndani, na waliofungiwa ndani hawakosi la kusema.

Nyuma ya nyumba ya marehemu baba kuna ekari moja ya migomba, na katikati yake mibuni aliyoipanda mwenyewe. Mimi nimestaafu, na kiinua mgongo changu hakijaisha chote. Nilitaka kuamua iwapo ning'oe kila kitu nipande miparachichi, kama walivyofanya wengi wilayani mle tangu matunda hayo yaanze kusafirishwa Ulaya. Sikumwuliza mtu. Hata hivyo, kabla chai ya kwanza haijapoa, nilikuwa nimekwisha kushauriwa na watu wanne.

Shemeji alisema ng'oa yote, tena juma hili hili, kwani miche ya kubebesha huanza kuzaa mwaka wa tatu. Mjomba akadakia: bei ikianguka huko Ulaya, matunda hayo utamlisha nani? Jirani mmoja, ambaye sijui habari zangu alizipata wapi, alisimama mlangoni na mwavuli wake akasema uza, ukanunue kiwanja Mbeya. Mama mdogo alinitazama tu, akasema, "Baba yako asingefanya hivyo."

Maneno ya wale watatu niliyaacha sebuleni. Ya mama mdogo nililala nayo.

Usiku huo, ndugu msikilizaji, kichwani mwangu kulikuwa na baraza zima. Sauti moja ikasema wenzako watajenga, wewe utabaki kuangalia. Nyingine ikasema unataka kung'oa jasho la baba yako? Nikaanza kuziuliza moja moja: wewe ni nani? Ile ya kwanza niliitambua kwa lafudhi yake. Alikuwa shemeji, ameingia bila kubisha hodi. Ya pili ilijifanya baba. Lakini nilipokumbuka vizuri, baba mwenyewe alifyeka migomba ya babu ili apande hiyo kahawa, na wazee wa wakati ule walimcheka. Basi haikuwa sauti ya baba hata kidogo.

Sijilinganishi na wakubwa, lakini nilimkumbuka Mwalimu Nyerere. Mwaka 1955 alikuwa mwalimu pale Pugu na papo hapo Rais wa TANU, chama kilichoanzishwa Julai 7, 1954. Akatakiwa achague ualimu au siasa. Aliacha ualimu, naye alikuwa na mke na watoto wadogo. Wa kumshauri hawakukosekana, nadhani, lakini mshahara uliopotea ulikuwa wake na wa nyumba yake.

Hapo ndipo nilipoona aibu. Katika kelele zote zile, mtu mmoja hakuwa amesema neno, wala mimi sikuwa nimemwuliza: mama yangu, anayeishi kwa shamba hilo. Asubuhi nilimfuata jikoni. Akasema, "Mwanangu, mikungu ile nikiwauzia wenye malori ya Dar es Salaam ndiyo napata chumvi na sabuni. Miaka mitatu hiyo, mimi nitakula nini?"

Shemeji alikuwa amezungumza nusu saa nzima juu ya miaka mitatu. Swali hilo halikumjia, wala mimi halikunijia.

Nimenunua miche ishirini. Nimeipanga upande wa chini, ambako migomba imechoka; iliyobaki haiguswi. Mibuni mingi nimeing'oa. Mitatu iliyo karibu na kaburi la baba nimeiacha, ingawa kwa hesabu haina faida yoyote. Sauti iliyoniambia niiache niliijua kuwa ni yangu, nami nikaikubali.

Siku ya kuondoka, shemeji alipita akiwa amejifunika mfuko wa mbolea kichwani. Akatazama mashimo, akatikisa kichwa, akasema nimeyabananisha mno. Nikamwambia ndaga, shemeji, nikaendelea kuchimba.