Mlinganyo Unaosomeka Kwenda na Kurudi

(Mazungumzo mbele ya wanafunzi wa zamani na wanafunzi wa sasa, Mkuu, Rombo)



Wenzangu walionitangulia wamezungumza juu ya mabati, vitabu na maji, na yote waliyosema ni kweli. Mimi nimechagua kuzungumza juu ya mlinganyo mmoja tu. Najua wapo wazee hapa ambao wameanza kutazama mlango. Nawaomba wavumilie, maana sababu yangu si ndogo.

Kwa miaka mingi Hisabati imekuwa somo linalowaangusha wengi kuliko mengine katika mtihani wa Kidato cha Nne. Wanaoanguka si wavivu wote. Kijana wa shule ya serikali amejumlisha, amegawanya na amegeuza sehemu juu chini kwa Kiswahili muda wote wa shule ya msingi. Akiingia sekondari maneno yote yanageuka Kiingereza, naye inambidi ajifunze lugha na hesabu kwa wakati mmoja. Matokeo yake, akiona mlinganyo mrefu haumwelezi kitu, anaweka kalamu chini na kusema, "Huu hatukufundishwa." Leo nataka tuutazame mlinganyo wa namna hiyo kwa Kiswahili, taratibu, ili vijana waone kwamba waliufundishwa bila kujua.

Mlinganyo wenyewe ni huu:

6x⁴ – 35x³ + 62x² – 35x + 6 = 0

Ni mlinganyo wa kipeo cha nne. Kanuni mliyofundishwa ni ya kipeo cha pili. Basi kabla ya kuandika lolote, zisomeni namba zake peke yake: 6, –35, 62, –35, 6. Sasa zisomeni kutoka kulia. Ni zilezile. Ni kama abiria aliyekuja Mkuu kutoka Moshi na kurudi siku hiyohiyo: Moshi, Himo, Mkuu, Himo, Moshi. Ukimwuliza vituo vyake kuanzia mwanzo au kuanzia mwisho, orodha haibadiliki.

Jambo hilo si pambo. Chukueni namba yoyote isiyo sifuri. Kinyume chake katika kuzidisha ni ile ambayo ukiizidisha nayo unapata 1; kinyume cha 5/2 ni 2/5. Katika mlinganyo wetu wekeni 1/x mahali pa x, kisha zidisheni kila kitu kwa x⁴ ili kuondoa sehemu. Namba zote zinarudi zikiwa zimepangwa kinyumenyume, na kwa kuwa orodha yetu ni ileile kwenda na kurudi, mlinganyo unabaki uleule. Maana yake ni kwamba kama x ni jibu, 1/x nayo ni jibu. Mizizi ya mlinganyo huu hutembea wawili wawili, kila mmoja na kinyume chake.

Watu wa Rombo hawahitaji kuelezwa sana habari ya kinyume. Sisi tunakaa mpakani. Anayevuka Holili kwenda Taveta, au Tarakea kwenda Loitokitok, lazima ajue shilingi moja ya upande ule ni ngapi za upande huu. Ikiwa ni x, basi shilingi moja ya huku ni 1/x ya kule. Bei ni moja, ila inasemwa na watu wawili waliosimama pande mbili. Mpaka ulifungwa mwaka 1977 hadi 1983, na nadhani wapo waliomo humu ndani wanaojua kama hesabu hiyo ililala miaka hiyo au haikulala. Mimi sitauliza.

Turudi kwenye kazi. Kituo cha katikati ni 62x². Tusimame hapo Mkuu na kutazama pande zote mbili, yaani tugawanye kila kitu kwa x². (Tunaweza, maana sifuri si jibu: ukiiweka unabaki na 6.) Tukikusanya vinavyofanana tunapata:

6(x² + 1/x²) – 35(x + 1/x) + 62 = 0

Sasa x + 1/x tuiite y. Na x² + 1/x² je? Hapa vijana wengi hukimbilia kuandika y², na hapa ndipo alama zinapopotelea. Zidisheni y kwa y wenyewe, kwa mkono: mnapata x² + 2 + 1/x². Ile mbili ya katikati imetokana na x kukutana na kinyume chake, mara mbili. Kwa hiyo x² + 1/x² ni y² – 2. Anayeisahau hiyo mbili atapata 6y² – 35y + 62 = 0; atatafuta kipeuo cha pili cha –263, kisha atatangaza kwamba hakuna jibu halisi. Lakini wekeni 2 mahali pa x katika mlinganyo wa mwanzo: 96 – 280 + 248 – 70 + 6. Ni sifuri. Jibu lipo, na ni namba ya kuhesabia ndizi.

Tukiiweka mbili mahali pake tunapata:

6y² – 35y + 50 = 0

Huu ni mlinganyo wa vidato vya chini. Kipeuo cha pili cha 1225 – 1200 ni 5, na y ni 10/3 au 5/2. Kisha x + 1/x = 10/3 inatupa 3 na 1/3; x + 1/x = 5/2 inatupa 2 na 1/2. Mizizi minne, jozi mbili. Kanuni iliyotumika ni moja tu, ile mnayoijua, mara tatu.

Kama namba za mlinganyo ni nne au sita, hakuna kituo cha katikati. Msihangaike. Katika 2x³ – 3x² – 3x + 2 = 0, jaribuni –1: vituo vya pande mbili vinafutana, na daima vitafutana. Gawanyeni kwa x + 1, mnabaki na 2x² – 5x + 2 = 0, ambao majibu yake ni 2 na 1/2.

Wanaosoma Kidato cha Tano na cha Sita wataniuliza: je, y ikiwa ndogo? Swali zuri, na nitakaa nalo kidogo. Kwa namba chanya, x + 1/x haishuki chini ya 2 kamwe, kwa sababu (x – 1)² haiwezi kuwa hasi. Mwaka 1966, Tanzania na Kenya zilipoanza kutoa kila moja shilingi yake badala ya ile ya pamoja ya Afrika Mashariki, zilikuwa sawa kwa sawa. X ilikuwa 1, kinyume chake 1, na jumla 2 kamili. Baadaye zikaachana, na tangu hapo jumla hiyo imezidi 2, hata uhesabu ukiwa upande gani wa mpaka.

Basi y ikiangukia kati ya –2 na 2, x si namba halisi. Tazameni x⁴ + x³ + x² + x + 1 = 0. Kwa njia yetu unakuwa y² + y – 1 = 0, na y ni karibu 0.618 au –1.618. Mizizi minne yote iko juu ya duara lenye nusu kipenyo 1, na pamoja na 1 yenyewe inaligawa duara hilo sehemu tano sawa. Ile 0.618 ni kosaini ya nyuzi 72 mara mbili. Kwa hiyo pembetano sawa huchorwa kwa rula na bikari tu, maana kipeuo cha pili huchorwa kwa vyombo hivyo. Mwaka 1796 kijana wa Kijerumani aitwaye Gauss, mwenye umri wa miaka 18, alionyesha kwamba hata umbo la pande 17 huchorwa hivyo. Alikuwa na umri wa wengi wenu mlioketi pale nyuma.

Njia hii ina mpaka wake, nami sipendi kuwauzia dawa ya kila ugonjwa. Inapunguza kipeo kwa nusu: cha nane kinakuwa cha nne, ambacho kina kanuni. Cha kumi kinakuwa cha tano, na mwaka 1824 Mnorwe Abel alithibitisha kwamba mlinganyo wa kipeo cha tano kwa ujumla hauna kanuni ya vipeuo.

Kwa wazee wenzangu nina ombi moja. Kuchangia bati ni vyema. Lakini aliyewahi kuifahamu hesabu hata kidogo akija hapa Jumamosi moja katika muhula, akakaa na vijana na kuwaeleza kwa lugha wanayootea ndoto, atakuwa amechangia kitu ambacho fundi hawezi kukipigilia msumari.

Ninyi vijana, ubaoni nawaachia mlinganyo huu:

x⁴ – 12x³ + 72x² × 0 + 47x² – 72x + 36 = 0

Hilo pando la sifuri nimeliweka kuwachokoza, lifuteni. Zinazobaki hazisomeki sawa kwenda na kurudi, lakini 72 ni 12 mara ngapi, na 36 ni nini ya namba hiyo? Jozi zipo, ila zao la kila jozi safari hii si 1. Mwalimu wenu wa Hisabati ninayo ahadi yake kwamba hatawaambia jibu kabla ya Jumatatu.