Deni Huanza kwa Kushindwa Kusema La

(Maneno yaliyosemwa katika mkutano wa tawi)



Tumeombwa kusema juu ya madeni. Lakini sisi wa karakana twaona ya kwamba deni huanza kabla ya fedha kutoka. Huanza pale mtu anaposhindwa kutamka neno moja dogo: La.

Tutawaeleza yaliyotupata. Mwenzetu mmoja alitujia wakati wa chai, fomu ya mkopo mkononi. Alikuwa mtu mwema, tena tulifanya naye zamu nyingi. Sisi watatu tukatia sahihi tukiwa tumesimama, mikono ina grisi, wala hatukuuliza ni shilingi ngapi. Baadaye akaacha kazi. Chama cha akiba na mikopo kikachukua akiba yake kwanza, na deni lililobaki tukagawiwa sisi wadhamini. Kila mwisho wa mwezi mishahara yetu ikakatwa. Mtoto wa mmoja wetu akarudishwa nyumbani kwa kukosa karo.

Siku moja tukaulizana. Kumbe kila mmoja alikuwa na shaka tangu mwanzo, ila alimngoja mwenziwe akatae kwanza! Tuliogopa kuitwa wachoyo.

Wahenga walisema, kukopa harusi, kulipa matanga. Wala hawakutuambia ya kwamba matanga yenyewe hukaliwa nyumbani kwa mdhamini.

Hatusemi watu wasisaidiane. Mwenzetu akifiwa, tutachanga. Lakini twashauri hivi. Kwanza, usitie sahihi siku ile ile. Nenda nyumbani ukaseme na mkeo. Pili, uliza ni kiasi gani, na umekwisha kuwadhamini wangapi. Tatu, kama huwezi, mwambie mapema, uso kwa uso. Usimzungushe kwa kesho na kesho kutwa, maana naye ana shida, apate kutafuta kwingine. Kama una kidogo cha kumpa, mpe, usitazamie kurudishiwa.

Tena liko jambo la kazini. Msimamizi hukuomba uje siku yako ya mapumziko, mara moja, mara mbili, mwisho yawa desturi. Sheria ya Kazi ya mwaka 2007 yampa mfanyakazi angalau siku moja ya mapumziko katika kila siku saba. Lakini mtu akikataa peke yake huitwa mkaidi. Ndiyo sababu chama kipo. Januari 1947, wafanyakazi wa Mombasa, wa bandarini na wa reli, walikataa kwa pamoja. Mji ukasimama, na serikali ikaunda baraza la kuchunguza mishahara yao. Neno linalomshinda mtu mmoja, wengi hulisema.

Basi sisi watatu tumeagana hivi: fomu ikija tena, tutaisoma sote tumeketi, na mwenye shaka atasema kwanza, wala hatutamcheka.

Umoja ni nguvu.