Petroli Ipi Yaifaa Pikipiki?

(Mazungumzo yaliyotolewa katika mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani)



Kamati haikunipa mada hii kwa bahati tu. Katika ukumbi huu wengi wetu tunamiliki pikipiki, ama ya kuendea shambani, ama ile tuliyomkabidhi kijana atuletee hesabu kila jioni. Na kila tukikutana huzuka ubishi ule ule. Huyu husema petroli ya bei kubwa ina nguvu zaidi; yule husema ukitia ya bei ndogo umekwisha kuiua injini. Fizikia tuliyofundishwa humu shuleni yatosha kabisa kuumaliza ubishi huo.

Tuanze na pampu ya baiskeli. Ukiisukuma upesi upesi, chini yake hupata moto, kwa kuwa hewa ikibanwa hupata joto. Ndani ya silinda ya pikipiki nyingi za biashara, mchanganyiko wa hewa na petroli hubanwa mpaka ukabaki kama sehemu moja ya tisa au ya kumi ya nafasi uliyokuwa nayo. Kisha plagi hutoa cheche, na moto husafiri kutoka kwenye plagi kuelekea kwenye kuta. Husafiri, nasema, haulipuki wote kwa pamoja. Ule mchanganyiko ulioko pembeni, ambao moto haujaufikia, huzidi kubanwa na kupashwa joto. Petroli isiyostahimili hali hiyo hujiwakia yenyewe kwa mkupuo mmoja, na hapo ndipo mnaposikia injini ikigonga, mlio kama wa changarawe ndani ya kopo. Kugonga huko kukiendelea, pistoni huliwa juu, ringi huvunjika na gasketi huungua.

Oktani ni kipimo cha ustahimilivu huo, basi. Wataalamu walichukua vimiminika viwili: isooktani, inayostahimili sana, wakaipa 100, na heptani, inayogonga upesi, wakaipa 0. Petroli ya 91 ni ile ambayo katika injini ya majaribio hugonga sawasawa na mchanganyiko wa sehemu 91 za isooktani na sehemu 9 za heptani. Nguvu haikupimwa mahali popote hapo. Anayetaka ushahidi na aitazame ethanoli: oktani yake hupita 100, lakini lita yake moja ina nishati pungufu kuliko ya petroli kwa kama theluthi moja.

Mtauliza, mbona ndege za vita zilipata nguvu? Ni kweli. Mwaka 1940, katika mapigano ya anga juu ya Uingereza, ndege za Spitfire na Hurricane zilitumia petroli ya oktani 100 badala ya 87, na nguvu zikaongezeka. Lakini ziliongezeka kwa sababu marubani sasa waliweza kusukuma hewa nyingi zaidi ndani ya injini bila kugonga. Petroli ile ilitoa ruhusa tu. Ukiimimina katika injini ambayo hukuibadilisha chochote, umenunua ruhusa usiyoitumia.

Kwa hiyo jambo la kuuliza ni hili: injini yangu inabana kiasi gani, na kiwandani waliandika oktani ngapi? Pikipiki kubwa ya mbio kama Yamaha R1 hubana kiasi cha 13 kwa 1. Hiyo yahitaji petroli ya juu, na mwenye nayo asifanye ubahili. Lakini hizi zetu za cc 100 mpaka 150 nyingi zatoka India, ambako petroli ya kawaida kwa miaka mingi ilikuwa ya oktani 91. Tena silinda zake ni ndogo, moto hauna safari ndefu, na nyingi hazina kifaa cha kusikia injini ikigonga na kurekebisha wakati wa cheche. Ukizinywesha ya 95 au 98 hazitajua tofauti. Fedha hiyo afadhali ubadilishie oili kwa wakati wake.

Vijana wasomao vitabu vya maelekezo vya Marekani wasitishike. Pampu za huko huandika wastani wa vipimo viwili, hivyo 87 ya Marekani ni karibu sawa na 91 ya kwetu. Na ndugu zetu wa Njombe na Mbeya wana nafuu zaidi: hewa ya milimani ni nyepesi, shinikizo ndani ya silinda hupungua, na injini hudai oktani ndogo. Nguvu nayo hupungua huko juu, lakini oktani hairudishi.

Hadi hapa nimezungumzia kuzidisha. Hatari yetu hasa iko upande wa pili, na ndiyo iliyonifanya nikubali kusimama hapa. Petroli ikichanganywa na mafuta ya taa, oktani huanguka vibaya, maana mafuta ya taa yenyewe hayafiki hata 30. Serikali zalijua jambo hili. Nchini Tanzania, EWURA ilianza mpango wa kutia vinasaba katika mafuta mwaka 2010, na mwaka 2011 kodi ya mafuta ya taa ikapandishwa ili faida ya kuchanganya iondoke. Kenya nayo iliweka tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa mwaka 2018, kwa sababu hiyo hiyo.

Lakini chupa ya maji iliyojazwa petroli na kuwekwa juu ya kigogo kando ya barabara haina mkaguzi. Simlaumu sana anayeinunua. Kituo kiko mbali, na abiria anangoja. Ila fikirini kijana anayepanda kutoka Mombo kwenda Lushoto, kapakia mishikaki, gia kubwa na mwendo mdogo, jua la saa nane, na injini inayopozwa kwa upepo tu. Hapo ndipo petroli dhaifu hugonga. Hesabu ya wiki nyingi huishia kwa fundi, na mwenye pikipiki humwambia kijana kwamba kaendesha vibaya. Nimeona mikataba ikivunjwa hivyo, na kijana mwenye watoto akaachwa bila kazi, kumbe kosa lilikuwa ndani ya chupa. Kabla ya kumfukuza mtu, mwulizeni kwanza alinunua wapi, tena kwa upole, ili aseme kweli.

Kabla ya kutia, dondosha tone kwenye karatasi nyeupe. Petroli safi hukauka upesi bila kuacha alama. Likibaki doa la mafuta, usiitie. Hicho si kipimo cha maabara, na mchanganyiko mdogo waweza kupita. Injini ikigonga mlimani, teremsha gia, punguza mzigo, iache ipoe. Ikigonga hata kwa petroli ya kituoni, fundi aangalie wakati wa cheche, masizi yaliyoganda juu ya pistoni, na kama kabureta inatoa mafuta ya kutosha. Msinunue petroli ya bei kubwa ili kuficha ugonjwa.

Na akitokea mtu wa kuwauzia petroli ya ndege ndogo kwa kuwa ina oktani 100, mkataeni. Mengi ya mafuta hayo bado yana risasi, ile dawa ya kuzuia kugonga iliyogunduliwa na Thomas Midgley huko Marekani mwaka 1921. Risasi hudhuru ubongo wa watoto. Nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliiondoa katika petroli ya magari kufikia mwanzo wa 2006, na Algeria, ya mwisho duniani, ikaiondoa Julai 2021. Hakuna haja ya kuirudisha kwa mlango wa nyuma.

Ndugu Mwenyekiti, naona chakula ki tayari. Waliokuja na pikipiki wanikute pale chini ya mti na spana ya plagi, tuzifungue tuzitazame pamoja.