Tezi ya Thaimasi na Kinga ya Mtoto: Kwa Nini Uzito Peke Yake Hautoshi



1. Utangulizi

Kliniki zetu hupima uzito, urefu na mzunguko wa mkono wa mtoto. Thaimasi haipimwi. Ni tezi laini yenye ndewe mbili, iliyojificha nyuma ya mfupa wa kidari, mbele ya sehemu ya juu ya moyo. Hata hivyo, sehemu kubwa ya kinga ambayo mtoto ataitegemea hadi uzeeni hujengwa humo. Mada hii inaeleza kazi ya tezi hiyo, kisha inatetea hoja moja: mtoto aliyeugua utapiamlo mkali akisharudisha uzito, bado hajarudisha kinga.

2. Kazi ya thaimasi

Mtoto mchanga mwenye afya huzaliwa na thaimasi ya gramu 10 hadi 15 hivi. Tezi hukua utotoni, na baada ya balehe husinyaa polepole huku nafasi yake ikijazwa mafuta.

Seli changa za kinga hutoka kwenye uboho wa mifupa na kusafiri kwa damu hadi humo, ambako husailiwa mara mbili. Usaili wa kwanza hupima kama seli inaweza kutambua alama ambazo seli nyingine za mwili hutumia kuonyesha kilichomo ndani yake. Isiyoweza hufa. Katika usaili wa pili, seli huonyeshwa protini za mwili wenyewe, hata insulini ambayo kwa kawaida hutengenezwa kwenye kongosho. Inayozivamia kwa ukali huangamizwa au hugeuzwa kuwa seli ya kutuliza kinga. Zaidi ya asilimia 95 ya seli hizo hazitoki salama.

Zinazofuzu ndizo seli T. Miongoni mwake zimo CD4, ambazo sote tunazifahamu kutokana na huduma za VVU. Hizi huratibu mapambano. Zimo pia CD8, zinazoua seli zilizovamiwa na virusi. Mchujo ukilegea, kinga inaweza kuugeukia mwili, kama inavyotokea katika kisukari cha aina ya kwanza. Uzito wa suala hili ulionekana mwaka 2025, Tuzo ya Nobel ya Tiba ilipotolewa kwa Mary Brunkow, Fred Ramsdell na Shimon Sakaguchi kwa uchunguzi wao kuhusu seli zinazoituliza kinga.

3. Gharama ya kutoijua

Kazi hii haikujulikana hadi mwaka 1961. Jacques Miller, akiwa London, aliwatoa thaimasi panya waliokuwa ndiyo kwanza wamezaliwa. Panya hao walipungukiwa na seli za kinga, wakadhoofika na kufa mapema. Walipopandikizwa ngozi ya panya wa jamii nyingine, miili yao haikuikataa.

Kabla ya hapo, madaktari wa Ulaya na Marekani walitenda kwa kukisia. Miili waliyozoea kuipasua ilikuwa ya maskini waliokufa baada ya njaa na maradhi ya muda mrefu, ambao thaimasi zao zilikuwa zimenywea. Walipopasua mtoto aliyekuwa na afya akafa ghafla, waliona thaimasi yake ni kubwa mno, wakaihesabu kuwa ndiyo iliyomuua. Maelfu ya watoto wakapigwa mionzi ili tezi ipungue. Kufikia mwaka 1950 ripoti zilianza kuonyesha kwamba baadhi yao walipata saratani ya tezi ya thairoidi. Mwili uliodhoofishwa na umaskini ulikuwa umefanywa kipimo cha uzima.

4. Thaimasi na lishe

Mwaka 1845 John Simon wa Uingereza alikwisha kuandika kwamba ukubwa wa thaimasi hufuata hali ya lishe. Leo tunajua sababu zake kadhaa. Wakati wa njaa na maambukizi, homoni ya kortisoli hupanda na kuua seli changa ndani ya tezi. Upungufu wa zinki nao huzidisha hasara hiyo. Ndiyo maana watoto wenye unyafuzi hukutwa na thaimasi iliyosinyaa, na surua au kifua kikuu huwaangusha upesi.

Vipimo vya utrasaundi vimetupa ushahidi zaidi. Nchini Denmaki, watoto wa miezi minne walionyonya maziwa ya mama pekee walikuwa na thaimasi kubwa kuliko waliolelewa kwa maziwa ya kopo. Katika vijiji vya Gambia, thaimasi za watoto wachanga zilikuwa ndogo zaidi katika msimu wa njaa. Huko Cochabamba, Bolivia, watoto waliotibiwa utapiamlo mkali walirudisha uzito kwa takriban mwezi mmoja, lakini thaimasi zao zilihitaji takriban miezi miwili. Nyongeza ya zinki ilisaidia kuharakisha.

5. Hitimisho na mapendekezo

Matokeo ya Cochabamba yanatuhusu moja kwa moja. Mtoto tunayemruhusu kwa sababu mizani imeridhika anaweza kurudi nyumbani akiwa na kinga pungufu, kwenye chumba kilekile chenye kikohozi na maji yasiyo salama. Kwa hiyo ninapendekeza:

(a) Mtoto aliyetoka wodi ya lishe afuatiliwe kwa karibu kwa angalau miezi miwili, na homa yake yoyote ichukuliwe kuwa ya dharura.

(b) Chakula dawa kitolewe hadi mwisho wa matibabu kama mwongozo unavyoelekeza, kwa kuwa kina zinki, na mama aelezwe kwamba si chakula cha kugawana na ndugu wa mtoto.

(c) Chanjo alizokosa zikamilishwe kabla hajapotea machoni petu.

(d) Unyonyeshaji wa maziwa ya mama pekee kwa miezi sita ufundishwe kuwa ni ujenzi wa kinga, sambamba na chanjo.

Wenzangu, hatuhitaji mashine mpya ili kuanza. Tunahitaji daftari la ufuatiliaji, mhudumu wa afya ya jamii atakayebisha hodi, na uamuzi wetu sisi wenyewe wa kutomfuta mtoto kwenye orodha siku anapofikisha uzito.