Mtu Anayejua: Claude Rains na Kazi ya Mwigizaji wa Nafasi ya Pili



Mwaka 1933 studio ya Universal ilitoa filamu ambayo mhusika wake mkuu haonekani uso mpaka amekata roho. Katika The Invisible Man, mwanasayansi aliyejigeuza asionekane anafika kwenye nyumba ya wageni kijijini, kichwa chote kimefungwa bandeji, na anapozifungua hamna kitu ndani. Fundi wa picha, John P. Fulton, alipata maajabu hayo kwa kumvisha mtu mahameli nyeusi na kumpiga picha mbele ya mahameli nyeusi. Mtazamaji aliachiwa sauti tu. Mwenye sauti alikuwa Mwingereza aliyekuwa akikaribia miaka 44, mgeni kabisa Hollywood: Claude Rains.

Mwongozaji James Whale alimchagua kwa sababu ya sauti hiyo. Mimi nimemchagua kwa mhadhara huu kwa sababu ya alichokifanya baadaye, alipopewa uso. Kwa miaka 30 na zaidi alionekana kwenye filamu za Marekani akiwa seneta, mfalme, daktari, mkuu wa polisi, na mara nyingi jina lake likiandikwa chini ya majina ya nyota. Dai langu ni hili: katika filamu zake bora, shujaa ndiye anayebeba kisa, lakini dhamiri ya kisa iko kwa Rains. Yeye ndiye mtu anayejua. Anajua lililo haki, aliwahi kulipenda, kisha akalipa mgongo, na sisi tunakaa gizani tukimtazama anavyoishi na uamuzi huo.

Ufundi huo hakuuokota Hollywood. Alizaliwa London tarehe 10 Novemba 1889, katika familia maskini kusini mwa mto Thames, akakua na lafudhi nzito ya mitaa ile na ulimi uliokuwa ukishindwa kutamka r. Akiwa na miaka 10 alipandishwa jukwaani katika kundi la watoto. Baadaye akaajiriwa His Majesty's Theatre, chini ya Herbert Beerbohm Tree, mmoja wa mabwana wakubwa wa tamthilia wa enzi ile. Kazi yake ya mwanzo ilikuwa kuwaita waigizaji vyumbani mwao zamu yao ya kuingia inapofika. Kisha akawa mnong'onezaji, yule anayekaa kando ya jukwaa na maandishi mkononi, tayari kumwokoa mwigizaji aliyesahau maneno. Halafu meneja wa jukwaa. Tree mwenyewe ndiye aliyemlipia masomo ya matamshi.

Naomba tukae hapa kidogo. Mnong'onezaji husikiliza mchezo mzima kila usiku, na hakuna anayemwona. Anazijua pumzi za kila mwigizaji. Anajua kimya kipi kimekusudiwa na kipi ni cha mtu aliyepotea. Kwa mwigizaji wa nafasi ya pili siioni shule bora kuliko hiyo, maana sehemu kubwa ya kazi yake ni kusikiliza mbele ya macho ya watu, na kusikiliza kwa kweli ndiko kugumu kuliko yote tunayofundisha katika idara yetu.

Vita Kuu ya Kwanza ilimpeleka Ufaransa na kikosi cha London Scottish. Aliingia akiwa askari wa kawaida, akatoka na cheo cha kapteni, na gesi ya sumu ikamwachia jicho la kulia lisiloona karibu kitu. Watazamaji wengi wa filamu zake hawakuwahi kulitambua hilo. Baada ya vita alifundisha katika Royal Academy of Dramatic Art, chuo kilichoasisiwa na Tree yuleyule, na miongoni mwa wanafunzi wake walikuwemo John Gielgud na Charles Laughton.

Tukumbuke pia kwamba bahati yake ilitengenezwa na mabadiliko ya teknolojia. Filamu zilipoanza kusema, kuanzia mwaka 1927, studio za Marekani ziligundua kuwa zina sura nyingi nzuri na sauti chache zilizofunzwa. Zikageukia jukwaani. Waigizaji wa Kiingereza waliokuwa wamekula chumvi nyingi Broadway na London walipata mikataba, na Rains akawa mtu wa Warner Bros. Mwongozaji akihitaji mwana wa mfalme mwenye hila, alikuwepo: ndiye John katika The Adventures of Robin Hood ya mwaka 1938.

Mwaka uliofuata, 1939, mwaka aliochukua uraia wa Marekani, Frank Capra alimpa nafasi ya Seneta Joseph Paine katika Mr. Smith Goes to Washington. Kijana Jefferson Smith, anayechezwa na James Stewart, ameteuliwa kuwa seneta kwa sababu wakubwa wa jimbo wanamdhani mjinga. Yeye na Paine wanasafiri pamoja kwa treni. Smith anamkumbuka baba yake, mhariri wa gazeti dogo, aliyekutwa amepigwa risasi mezani pake, kofia ikiwa bado kichwani, kwa sababu alikuwa amesimama upande wa mtu mmoja dhidi ya kampuni kubwa. Paine alikuwa rafiki wa marehemu, na enzi hizo walipigana vita hivyo bega kwa bega. Sasa amenunuliwa.

Stewart ndiye anayesema kwa moyo wote. Rains anajibu maneno machache. Lakini mtazameni: ule upole wa mtu mzima anayemsikiliza mtoto wa rafiki yake unabaki usoni, huku nyuma yake kitu kinafunga mlango. Macho yanaondoka kwa kijana, yanarudi, yanaondoka tena. Hajakunja uso wala hajavuta pumzi ya kuonyesha majuto. Tumeshajua kwamba mtu huyu anaweza kurudi, na filamu nzima itasubiri kama atarudi. Mwishoni, Smith anapoanguka sakafuni mwa Seneti baada ya kuhutubia kwa saa nyingi, Paine anakimbia nje kutaka kujiua, anazuiwa, kisha anarudi ndani akipiga kelele kuwa yeye ndiye mwenye hatia. Wapo wanaosema mgeuko huo ni wa ghafla mno. Mimi sikubaliani nao. Rains aliupanda mbele yetu ndani ya treni. Tena Smith habadiliki tangu mwanzo hadi mwisho. Anayebadilika ni Paine, kwa hiyo moyo wa tamthilia uko kwake.

Casablanca, iliyoonyeshwa kwa mara ya kwanza New York mwezi Novemba 1942, inajulikana zaidi, nami sitakaa nayo sana. Rains ni Kapteni Renault, anayeitumikia serikali ya Vichy, ile ya Wafaransa walioshirikiana na Wajerumani, na kuchuma faida kwa wakimbizi waliokwama. Baada ya Rick, shujaa wa filamu, kumpiga risasi meja wa Kijerumani, polisi wanafika, na Renault ana nafasi ya kumtia mbaroni. Anawaagiza wakawakamate watuhumiwa wa siku zote. Kisha anajimiminia maji, anasoma lebo ya chupa, anaona ni maji ya Vichy, anaitupa kwenye pipa la taka na kulipiga teke. Hotuba ya kizalendo ingemharibu. Teke limetosha.

Ila kilele chake, kwa maoni yangu, ni Notorious ya Alfred Hitchcock, ya mwaka 1946. Alexander Sebastian ni mfuasi wa Wanazi aliyejificha Rio de Janeiro, na amemwoa Alicia, anayechezwa na Ingrid Bergman, bila kujua kwamba anawapelelezea Wamarekani. Rains alikuwa mfupi kuliko Bergman, na Hitchcock alilazimika kumwinua katika baadhi ya picha. Hata hivyo ufupi huo umemsaidia mhusika: tunamwona mwanamume asiyeamini kuwa amependwa, na ndiyo maana anapenda kupita kiasi. Akigundua ukweli, anakwenda chumbani kwa mama yake alfajiri na kumkiri kwamba ameoa mpelelezi. Rains anasema hayo kama mtoto aliyevunja chombo cha thamani. Tunamchukia kwa sumu watakayompa Alicia, na tunamhurumia kwa sentensi ileile.

Halafu ngazi. Devlin, mpelelezi wa Kimarekani anayechezwa na Cary Grant, anamshusha Alicia aliyelishwa sumu, Sebastian yuko ubavuni, na wenzake wamesimama chini wakiangalia. Akimzuia Devlin, wenzake watajua alichokificha na watamuua. Akimwachia, watashuku. Kila hatua ya ngazi anapima vifo viwili. Anafika kwenye gari, anaomba achukuliwe, mlango unafungwa kwa ndani. Anageuka kurudi walikosimama wanaomwita, na tunachokiona ni mgongo wake. Mwigizaji aliyeanza akiwa hana uso alicheza mauti yake kwa mgongo.

Kwa Paine, kwa Renault, kwa Sebastian, na kwa mume Myahudi katika Mr. Skeffington ya mwaka 1944, aliteuliwa kuwania Oscar ya mwigizaji msaidizi mara 4. Hakuipata hata mara moja, na mimi nalihesabu hilo kuwa dhuluma. Broadway ilimtendea vyema zaidi: mwaka 1951 alipewa tuzo ya Tony kwa Darkness at Noon, akicheza mwanamapinduzi mzee aliyefungwa na chama alichokijenga mwenyewe. Ni mtu anayejua tena, safari hii akiwa mhusika mkuu. Aliendelea kufanya kazi hadi uzeeni, akawa Dryden katika Lawrence of Arabia mwaka 1962, na akafariki New Hampshire tarehe 30 Mei 1967.

Funzo lake linatuhusu sisi: nafasi za michezo zinapogawiwa katika idara yetu, wanafunzi hugombea shujaa, na anayekosa huenda nyumbani na huzuni. Walimu tumechangia, kwa kuwa mitihani yetu ya uigizaji humpima anayesema zaidi. Kuanzia muhula ujao, somo la uigizaji la mwaka wa kwanza litafunguliwa kwa tukio la treni, kwanza sauti ikiwa imezimwa. Kila mwanafunzi ataandika wakati gani Paine ameacha kumsikiliza kijana na kuanza kujisikiliza mwenyewe, kisha atapanda jukwaani kucheza nafasi ya anayesikiliza, na atapewa alama kwa hiyo.